Shimo Lisilofunikwa



Kila msimu wa masika tunawatembelea majeruhi wa namna ile ile: mwendesha bodaboda aliyevunjika mguu, mama aliyeteleza akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, mtoto wa shule aliyetumbukia mtaroni. Tukiuliza kisa, jibu ni moja: "Ni mvua, Padre. Ni mapenzi ya Mungu."

Sisi wa Haki na Amani twasema wazi: hayo si mapenzi ya Mungu. Kumsingizia Mwenyezi uzembe wa binadamu ni kufuru.

Mvua haikuanza jana. Barabara ya udongo isiyoinuliwa katikati ili maji yatiririke, isiyo na mitaro wala changarawe, haina budi kugeuka utelezi, na kila mhandisi analijua hilo. Jambo linalojulikana mapema na linaloweza kuzuiwa, likiachwa litokee, haliwi bahati mbaya. Ni dhambi ya kutotimiza wajibu, ile tunayoiungama mwanzoni mwa Misa.

Torati haikulinyamazia jambo hili. Katika Kutoka 21:33-34, mtu anayeacha shimo wazi, ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, anaamriwa kulipa. Ikiwa mnyama ana fidia, je, binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Tutaambiwa kwamba fedha hakuna. Lakini nchini Kenya ushuru wa matengenezo ya barabara uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Hata mjane asiye na baiskeli huulipa, kwa kuwa umo ndani ya nauli yake na bei ya unga wake. Baada ya hapo magavana na wabunge wakafikishana mahakamani wakigombea shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na safari hii nyasi ni mifupa ya watu.

Wala tusidhani kwamba mambo hayabadiliki. Uingereza, ambako barafu huangusha watu barabarani wakati wa baridi, mahakama ya juu iliamua mwaka 2000 kwamba wajibu wa kisheria wa kutunza barabara haukuwa pamoja na kuondoa barafu. Aliyeumia akakosa haki yake. Mwaka 2003 Bunge likarekebisha sheria, likazitaka mamlaka za barabara, kwa kadiri inavyowezekana, zihakikishe kwamba theluji na barafu hazihatarishi wapitaji. Ikiwa barafu haikukubaliwa kuwa udhuru, kwa nini tope likubaliwe?

Nasi tujihukumu. Wako kati yetu waliosogeza ua wa shamba hadi barabarani, walioziba mitaro kwa takataka, na waliouza kura yao kwa kilo mbili za sukari. Anayepokea sukari leo asishangae kukosa kalvati kesho.

Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na daftari. Viongozi wa walei waandike tarehe, mahali palipoharibika, aliyeumia na jinsi alivyoumia. Kwa kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, tuulize barabara ile imetengewa kiasi gani na nani alipewa kazi. Kwa kifungu cha 37, tupeleke malalamiko yetu kwa maandishi, kwa amani, bila matusi, na tudai jibu kwa maandishi.

Tutaendelea kuchanga kwa ajili ya hospitali, kwani huruma ni amri. Lakini mchango unaofunga jeraha na kuliacha shimo wazi unamngojea majeruhi mwingine. Tufunge jeraha, kisha twende pamoja kwa mwenye shimo.

Bwana atujalie ujasiri wa kudai haki bila chuki.