"Inda" ni Tumbo au Chawa?

Sokoni Rumonge, penye mukeke, ndagala na mawese, Kirundi na Kiswahili huchanganyika vinywani mwa watu bila taabu. Lakini mbele ya mashine zisomazo maandishi kwa sauti, lugha hizi hazina bahati moja.

Kiswahili hutamkwa kama kiandikwavyo, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo programu ya eSpeak, iliyotokana na kazi aliyoianza Jonathan Duddington mwaka 1995, hukisoma kwa kufuata kanuni tu. Sauti yake hukwaruza kama debe, walakini maneno yanaeleweka.

Kirundi kina toni. Neno "inda" huandikwa kwa namna moja, nalo ni tumbo au ni chawa. Kinachotenganisha ni kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo maandishi ya kawaida hayalionyeshi. A. E. Meeussen alizichambua toni hizo katika sarufi yake ya mwaka 1959. Mrundi hana haja ya alama, maana amezinyonya titini mwa mama. Mashine haikunyonya.

Ndiyo maana mashine hupewa sauti ya mtu ili iige. Nchini Rwanda wananchi wa kujitolea walirekodi saa zaidi ya 2,000 za Kinyarwanda, ndugu wa Kirundi, kwa mradi wa Common Voice. Hazina hiyo huifaa zaidi mashine inayojifunza kusikiliza. Inayojifunza kusema huhitaji msomaji mmoja, chumba kitulivu na saa nyingi. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitangaza sauti za lugha zaidi ya 1,100, zilizofundishwa hasa kwa usomaji wa Agano Jipya, na wengi wa wasomaji hao walikuwa wanaume.

Ajabu ni kwamba lugha ya watu zaidi ya milioni 10 bado huhesabiwa ndogo na watengenezaji wa mashine. Hasara huonekana nyumbani. Baba yuko lindoni. Mama asiyejua kusoma amepokea ujumbe wa simu kutoka kituo cha afya kuhusu mtoto aliye tumboni. Au ziwa linapanda, kama lilivyopanda mwaka 2024 likafunika nyumba za pwani, na onyo limeandikwa. Sauti ya kumsomea mama huyo yafaa irekodiwe na mwanamke wa Kirundi, kisha isikilizwe na bibi wa mtaani kabla ya kupitishwa na fundi.