Kabla ya Kupaka Chokaa



Katika Kisangani hakuna mwezi upitao bila mvua, maana mji u karibu na Ikweta. Nyumba nyingi za matofali zilizojengwa kabla ya 1966, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville, zakaliwa na watu hata leo. Kuta zake zafanya madoa meusi ya kuvu, na lipu yabanduka. Noeli ikikaribia, baba wa nyumba hununua chokaa, hupaka, na wote hufurahi. Baada ya miezi miwili doa limerudi, na mtoto alalaye kando ya ukuta ule akohoa usiku kucha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba unyevu na kuvu nyumbani huleta kikohozi na kuzidisha pumu.

Kosa si la chokaa. Kosa ni kuufunika ugonjwa kabla ya kuujua.

Basi tutazame doa lilipo. Likianzia darini na kuteremka, bati limetoboka au mfereji wa paa umeziba. Likianzia chini na kupanda, matofali yanyonya maji ya ardhini. Likiwa pembeni au nyuma ya kabati, yamkini ni mvuke wa jikoni na wa pumzi zetu. Tukiwa na shaka, tupanguse ukuta, tubandike kipande cha plastiki, tuzibe kingo zake zote, tungoje siku mbili. Umande ukionekana upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Ukiwa upande wa ukuta, maji yatoka ukutani.

Dawa yafuata sababu. Tuzibe tundu la bati. Tuchimbe mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali na msingi. Tusogeze kabati, tufungue madirisha. Kuvu tuisugue kwa maji na sabuni, tukiwa tumefunika pua na mdomo, watoto wakiwa nje. Ukuta wa zamani tusiukandike saruji, kwa maana huyafungia maji ndani, nayo hupanda juu zaidi. Lipu ya chokaa huuacha ukauke.

Bwana wetu aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa. Alinena habari za roho, lakini ukuta nao watukumbusha. Noeli hii fedha ya chokaa inunue kwanza bati. Wageni watauona ukuta wenye madoa. Mtoto, naye, atalala usingizi.