Acheni Kutusafishia Jazz

Kuna neno linanitia kichefuchefu kila nikiliona kwenye jalada la santuri iliyotolewa upya: "imesafishwa". Imesafishwa nini? Nguo husafishwa. Kambare husafishwa, na ukimsafisha ovyo unatupa nyama pamoja na matumbo. Hivyo ndivyo zinavyofanyiwa nyimbo za jazz za Afrika Mashariki siku hizi, kisha tunauziwa kilichobaki, tena bei juu, na tunatakiwa tushukuru kwa kuwa sasa sauti ni "safi".

Tuelewane kwanza kuhusu jina lenyewe. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, Western Jazz 1959. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyojisumbua kupiga muziki wa New Orleans. Jazz kwetu ilikuwa bendi ya dansi: magitaa yanayojibizana, besi, ngoma, manyanga, saksafoni mbili tatu, na mwimbaji mwenye kisa cha mke au cha deni. Kule Kongo jina lilikuwa hilo hilo, African Jazz na OK Jazz. Upande wa ziwa kulikuwa na Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Hizo ndizo ninazozitetea hapa, na zaidi zile za Tanzania, kwa sababu huku Idsowe wazee wetu walizijua kupitia redio kabla hawajaiona santuri hata moja.

Sasa wapo mabwana fulani wa Nairobi na Mombasa, na wengine walioko Ulaya, wenye stereo za maana nyumbani. Kazi yao ni kulinganisha matoleo: lile la Ujerumani lina besi nene, hili la Ufaransa limefunguka juu, lile la Uingereza lina "nafasi". Mimi sina ugomvi na burudani ya mtu. Ugomvi unaanza pale wanapotuambia sisi tunaosikiliza kwa sabufa la sola kwamba hatuna haki ya kusema lolote, eti huwezi kusikia tofauti bila spika za laki mbili.

Si kweli. Mtu yeyote aliyewahi kuuza maembe kwa dalali hapa Garsen anajua kwamba mizani ya dalali inadanganya. Lakini pima gunia la kwanza, kisha la pili, kwenye mizani hiyo hiyo mbovu, bado utajua lipi ni zito. Sabufa langu lina besi inayovuma kama mzinga wa nyuki na halijui kitu kinachoitwa sauti ya juu kabisa. Sawa. Linaudanganya wimbo wa zamani na toleo lake jipya kwa uwongo ule ule. Tofauti ikisikika hapo, ipo.

Na hao wenye mizani ya dhahabu wamepima nini? Julai 2022, huko Marekani, muuza santuri mmoja wa Phoenix alifichua kwamba kampuni ya Mobile Fidelity, inayosifika kwa kuchapa upya santuri za jazz na nyinginezo moja kwa moja kutoka kanda mama, ilikuwa inapitisha muziki kwenye hatua ya dijitali. Kampuni ilikiri. Ilikuwa ikifanya hivyo tangu 2011. Kwa miaka yote hiyo watu walinunua, baadhi ya matoleo kwa zaidi ya dola 100 moja, wakaandika kurasa kwa kurasa wakisifu joto la analogi isiyoguswa. Masikio yao hayakuwapa hata fununu. Sisemi santuri zile zilikuwa mbaya. Inawezekana zilikuwa nzuri sana. Nasema tu kwamba mtu wa namna hiyo asije kunifungia mlango.

Kosa la kwanza la kulinganisha kwao ni sauti kuwekwa juu. Ukiongeza kidogo tu, hata desibeli moja, sikio halikwambii "imeongezwa". Linakwambia "hii nzuri". Na tangu 1933, Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao, inajulikana kwamba sauti ikiwa chini sikio huipoteza besi kabla ya vitu vingine. Kwa hiyo toleo jipya, ambalo karibu kila mara limesukumwa juu kuliko la zamani, linashinda kabla mechi haijaanza. Tena limesukumwa kwa kubanwa: pale gitaa la solo lilipokuwa linanong'ona na pale bendi ilipokuwa inalipuka, sasa pote ni sawasawa, kama mtu anayeongea kwa kupiga kelele kuanzia salamu hadi kwaheri.

Nilifanya jaribio langu mwenyewe, tena kwa haki. Marehemu mjomba wangu aliacha mashine ya santuri na santuri ndogo kadhaa za mizunguko 45. Rafiki yangu aishiye Nairobi akaja na santuri mpya, kubwa, nzito kama sinia, ya mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya sitini na sabini. Wimbo mmoja wa bendi ya Tanga ulikuwa kwenye zote mbili. Kampuni siitaji. Mashine ni moja, amplifaya ni moja, spika ni zile zile. Nilitia alama ya chaki kwenye sahani ya mashine nikahesabu mizunguko kwa saa ya simu: 45 kwa dakika kwenye mwendo mmoja, 33 na kidogo kwenye mwingine. Mashine haikuwa na lawama. Kisha nikaweka simu yenye programu ya kupima kelele juu ya kiti, nikalinganisha kipande kile kile cha wimbo mpaka santuri zote mbili zikawa na nguvu sawa.

Kulikuwa na wasikilizaji wanne chini ya mwembe. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa mpiga ngoma wa madansi ya harambee hapa Garsen enzi zake, alisikiliza ya zamani akitikisa goti. Tukaweka mpya. Goti likatulia. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani huyu wa manyanga leo hakuja kazini?"

Jamani, hebu fikirieni swali hilo. Manyanga hayakuwepo! Sauti ya manyanga, kama ya kayamba la kwetu, ni mbegu zinazochakarika. Ukiichora ni ukungu mtupu wa sauti za juu. Mchakaricho wa santuri iliyochakaa nao ni ukungu ule ule. Programu ya kusafishia haina babu aliyecheza kayamba. Haiwezi kujua lipi ni vumbi na lipi ni mtu anayefanya kazi yake. Ikivutwa sana inakwangua vyote. Ndipo unapata ule usafi wanaousifu: ukimya wa hospitali katikati ya noti, magitaa yanayosikika kama yamefunikwa na blanketi, na dansi isiyochezeka kwa sababu aliyekuwa anaishikilia mwendo amefutwa.

La pili alilisikia mama mmoja mwanakwaya. Akasema mwimbaji amekuwa kijana. Nikachukua programu ya kupimia nyuzi za gitaa: toleo jipya lilikuwa juu kwa karibu nusu toni. Hiyo ni kama asilimia 6 ya mwendo, na kwenye wimbo wa dakika sita unapoteza sekunde ishirini hivi. Mtu mzima anayelalamikia maisha anageuka mvulana anayelalamikia mtihani. Wenye stereo za laki mbili wataniambia labda santuri ya zamani ndiyo iliyokuwa na mwendo mbaya. Inawezekana kabisa! Kind of Blue ya Miles Davis, mwaka 1959, ilitoka na nyimbo tatu za upande wa kwanza zikikimbia kidogo kwa sababu ya mashine ya kurekodia, na hazikurekebishwa mpaka toleo la 1992. Miaka 33, muziki unaosikilizwa na dunia nzima. Lakini huko walau mtu aliuliza, akatafuta kanda nyingine, akasahihisha, akaandika kwamba amesahihisha. Kwenye hii santuri yetu nzito hakuna aliyeandika neno. Kuna picha nzuri ya jalada na maelezo marefu juu ya jua la Afrika.

Halafu kuna wizi mkubwa kuliko yote, na huu hauhitaji spika wala simu. Santuri ya 45 haibebi wimbo mrefu. Bendi ilikuwa inaugawa: sehemu ya kwanza upande huu, kisa kinasimuliwa polepole, unageuza, sehemu ya pili, waimbaji wanapumzika na magitaa yanashika kazi. Watu wa dansi walikuwa wanaingojea sehemu ya pili. Mkusanyiko ule umeweka ya kwanza tu. Wimbo unafifia pale pale ambapo zamani mtu alikuwa anainuka kitini kwenda kumtafuta mwenzake wa kucheza naye. Nimekutana na jambo hilo kwenye mikusanyiko mitatu sasa. Unalinganishaje ubora wa sauti wa nusu wimbo?

Najua jibu la watoaji. Watasema kanda mama hazipatikani, wametumia santuri chakavu, na mnunuzi wa Ulaya havumilii mikwaruzo. Kweli, historia yenyewe ni chungu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilichapwa Nairobi, mara nyingi mpigaji akiwa hana habari wala senti. Nakubali pia kwamba bila watu kama John Storm Roberts, aliyetoa Dada Kidawa mwaka 1995, au bila Zanzibara ya tatu kutoka Ufaransa mwaka 2007, vijana wengi wasingejua kwamba Kilwa Jazz iliwahi kuwepo. Shukrani nawapa. Ila shukrani si leseni. Ikiwa chanzo chako ni santuri chakavu, basi sema ni santuri chakavu na utuachie uchakavu wake.

Mbona nang'ang'ana hivi? Kwa sababu sisi watu wa Mto Tana tunajua jinsi toleo moja linavyoweza kuyafunika mengine yote. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, uliochukuliwa kwetu 1963, na mzee Meza Morowa Galana yumo katika historia hiyo. Ukapangwa, ukawekewa sauti nne, ukapewa tarumbeta. Sina kinyongo, nasimama wima kama kila mtu. Lakini waulize Wakenya kumi waimbe ule wa mtoto, polepole, jinsi mama anavyouimba akiwa amechoka. Toleo lililosambazwa ndilo lililobaki kuwa wimbo. Na jazz ya Tanga na ya Tabora inaelekea huko: miaka ishirini ijayo, kijana wa Garsen atadhani Western Jazz ilikuwa bendi isiyo na manyanga, yenye waimbaji wa sauti za kitoto, na isiyojua kumaliza wimbo.

Ushahidi wa kumkatalia unaisha. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, kisha ya 2024, yaliingia kwenye nyumba za watu katika delta hii yote. Santuri yenyewe haiozi kwa maji, ni plastiki; tope ndilo linalojaza mifereji na kuikwangua, na ile karatasi ya katikati inabanduka, ukabaki na sahani nyeusi isiyo na jina. Kanda za kaseti ndiyo basi, zinaota ukungu. Kwa mjomba zilipona santuri tisa, kwa sababu zilikuwa juu ya kabati.

Ninachodai si kikubwa. Kila toleo jipya liandike chanzo chake: kanda au santuri, ya nani, na iko katika hali gani. Liandike kama mwendo umepimwa, na kwa kipimo gani. Liweke sehemu zote mbili za wimbo. Kama lazima lisafishwe, basi litoe pia nakala isiyosafishwa, maana siku hizi haina gharama, ni faili tu. Litaje familia ya mpigaji na litaje imelipwa nini. Na hao mabwana wa stereo, badala ya kutuhesabia tabaka za besi, wawe wanauliza maswali hayo kabla ya kutoa nyota tano. Wanasikilizwa. Sisi barua zetu hazijibiwi.

Sehemu ya pili ya ule wimbo wa Tanga, ninavyojua mimi, ipo kwenye santuri ya mjomba na kwenye simu yangu. Nimeirekodi jinsi ilivyo, mikwaruzo na manyanga pamoja. Anayeitaka aje Idsowe na flashi yake, lakini aje kabla ya masika.