Tofauti za Maoni Zisigeuzwe Uadui

Mwenyezi Mungu hakuwaumba wanadamu kwa sura moja wala kwa fikra moja. Katika Sura Ar-Rum ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa Ishara Zake kwa wenye elimu. Basi ni jambo la kusikitisha kuona Mwislamu anayeisoma Sura hiyo akikasirika kila mwenzake anapotoa maoni yasiyolingana na yake, kana kwamba ametukanwa. Wahenga walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kugongana huko hakuepukiki. Tuombe tu visivunjane.

Ndugu msomaji, hebu tuyatazame yanayotupata. Kamati ya msikiti hukutana kuzungumzia ujenzi wa kisima. Mmoja anataka kazi ianze kwa fedha zilizopo, mwingine anataka zikusanywe zote kwanza. Mwenyekiti anauliza kama kuna neno jingine, na watu wananyamaza. Kikao kinafungwa kwa dua, mikono inapeanwa. Lakini nje, hata viatu havijavaliwa, kikao cha pili kinaanza. Huko ndiko maoni ya kweli yanakosemwa, na pamoja nayo yanasemwa mengine juu ya nia ya fulani na tabia ya fulani. Miezi michache baadaye kuna makundi mawili, na kisima hakijachimbwa. Mambo ni hayo hayo ofisini, dukani na katika karakana: mfanyakazi huitikia "ndiyo mzee" mbele ya mkubwa wake, kisha humsema chumba kizima anapotoka.

Kwa maoni yangu, ugonjwa wetu mkubwa ni kupeleka hitilafu zetu mahali pasipo pake na kwa watu wasiohusika. Ukimya wa kikaoni tunauita adabu, na maneno ya nje tunayaita mazungumzo. Sura Al-Hujurat inayaita kwa majina yake: dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, na msengenyaji imemfananisha na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa.

Mfano wa Seyidna Umar (r.a.)

Masahaba watukufu (r.a.) walituachia mfano ulio bora. Takriban mwaka 639, Seyidna Umar (r.a.) alisafiri kuelekea Sham akiwa Khalifa. Alipofika mahali paitwapo Sargh alilakiwa na makamanda wa jeshi, akiwamo Abu Ubaida bin Al-Jarrah (r.a.), wakamwarifu kwamba tauni imeingia Sham. Akawaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakashauri arudi. Ndipo akatangaza kwamba asubuhi atarejea Madina.

Abu Ubaida hakwenda kunong'ona hemani. Alimkabili Khalifa waziwazi, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Seyidna Umar hakupenda kuhitilafiana na mtu wa daraja lile. Hata hivyo hakumkaripia kwa kumkumbusha cheo chake. Alijibu hoja kwa hoja: kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari Yake, na akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka bondeni na ngamia zake, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu, na popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwapo mwanzoni, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume Mtukufu (s.a.w.): kwamba wasiiendee nchi iliyoingiwa na tauni, wala wasitoke kwa kuikimbia wakiwamo ndani yake. Seyidna Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarejea. Abu Ubaida alirudi kwa watu wake, na baadaye akafariki kwa tauni hiyo hiyo.

Hapa pana mafunzo kwa kila mwenye madaraka na kila aliye chini ya madaraka. Mkubwa aliuliza mara tatu kabla ya kuamua. Mdogo alisema neno lake mbele ya mwenyewe. Hakuna aliyeitia dosari nia ya mwenziwe. Na maelezo ya mtu mwenye elimu ya jambo lenyewe yalipokelewa, ingawa alikuja amechelewa.

Mashauriano si mapambo

Baadhi ya viongozi husema kwamba kushauriana kunachelewesha kazi, na kwamba mara nyingine ushauri wa wengi huleta hasara. Jibu lao limo katika historia ya Uhud, mwaka wa 3 Hijiria. Mtume (s.a.w.) aliona ni bora kubaki Madina, lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuhudhuria Badr, walitaka kutoka, naye akatoka. Waislamu walipata msiba mkubwa siku ile. Lakini Sura Aali Imran, ikizungumzia vita hiyo hiyo, ilimwagiza awasamehe, awaombee msamaha, na azidi kushauriana nao. Ikiwa baada ya Uhud mashauriano hayakufutwa, ni msimamizi gani wa leo atakayeyafuta kwa sababu ya kosa la hesabu la mwaka jana?

Kwa upande mwingine wapo wanaodhani kwamba aliyetoa maoni yake lazima yafuatwe, ama sivyo atajitoa na kuanzisha kamati yake. Hao wamtazame Abdullah bin Masud (r.a.). Seyidna Uthman (r.a.) aliposali rakaa nne huko Mina, Ibn Masud alipinga, kwani yeye alisali mbili pamoja na Mtume (s.a.w.), na pamoja na Abu Bakr na Umar (r.a.). Hata hivyo alisali nne nyuma ya Khalifa, na alipoulizwa alieleza kwamba mfarakano ni shari. Alisema alilolijua, kisha akalinda umoja.

Lakini tusichanganye mambo. Hiyo ni hukumu ya mambo ya rai. Karani anayeamriwa kuandika stakabadhi ya uongo hana tofauti ya maoni na bosi wake; ameamriwa dhambi, na wajibu wake ni kukataa, kwa upole lakini bila kuyumba.

Kinga na dawa

Hitilafu nyingi za kazini na za biashara zingezuilika mapema. Sura Al-Baqara imeagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi, baina ya Waislamu waaminifu, si baina ya wezi. Nasi tunaona haya kumwandikisha ndugu, kisha hatuoni haya kumshitaki. Mali bila daftari huisha bila habari, na udugu nao huisha pamoja nayo.

Hitilafu ikishatokea, suluhu itangulie hukumu. Sura An-Nisaa imeagiza mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Hata sheria za nchi zimekuja kwenye njia hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida hutaka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Na sheria za kazi za mwaka 2004 zimeweka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mgogoro wa mwajiri na mwajiriwa huanza kwa msuluhishi kabla ya kufika kwa mwamuzi.

Na wanaume tusisahau kwamba Sura nzima imeitwa Al-Mujadila kwa sababu ya mwanamke, Bibi Khaula (r.a.), aliyejadiliana na Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe. Mwenyezi Mungu alisikia mashtaka yake, na Mtume (s.a.w.) hakumfukuza. Vipi basi mmoja wetu ashindwe kumsikiliza mkewe mpaka mwisho wa sentensi?

Basi mwezi huu kila mmoja wetu amtafute yule aliyemsema nyuma ya mgongo, akae naye wawili tu, amweleze neno lake kwa uso mkunjufu. Nabii Musa (a.s.) aliamriwa aseme kwa upole na Firauni, na ndugu yako hawezi kuwa mbaya kuliko Firauni, wala wewe huwezi kuwa bora kuliko Musa.

Mwenyezi Mungu atuunganishe mioyo yetu na atuepushe na mafarakano. Amin.