Anayesomea PhD asiachwe peke yake

Huenda katika ukoo wenu au katika ploti mnamoishi yumo mtu anayesomea shahada ya uzamifu, ile iitwayo PhD. Mwamwita "daktari" hata kabla hajafuzu, na kwenye harambee hutajwa miongoni mwa wageni wa heshima. Kila mkionana naye mwamuuliza swali lile lile: unamaliza lini? Yafaa ujue kwamba swali hilo humchoma, na kwamba huenda afya yake inazorota huku nyote mkimpigia makofi.

Haya si malalamiko ya watu waliozoea kudekezwa. Mwaka wa 2017 watafiti nchini Ubelgiji walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 3,659 wa uzamifu katika eneo la Flanders. Mmoja katika kila watatu alikuwa hatarini kupatwa na maradhi ya akili, hasa mfadhaiko, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine uliwahusu wanafunzi 2,279 wa nchi 26, wengi wao wa PhD. Asilimia 39 walikuwa na dalili za mfadhaiko wa kadiri au mkali, ilhali miongoni mwa watu wa kawaida ni asilimia 6. Kweli, waliojibu walijitolea wenyewe, na mwenye jeraha ndiye hupenda kulionyesha. Lakini hata ukiikata idadi hiyo nusu, bado inatisha.

Chanzo ni nini? Anayesomea digrii ya kwanza ana darasa, ana wenzake wa kukaa nao bwenini na kulaumu mitihani pamoja. Wa PhD ana mada yake pekee, ambayo hakuna mwingine aishughulikiaye, na msimamizi mwenye wanafunzi tele. Hapa kwetu wengi husoma huku wakifanya vibarua vya kufundisha katika vyuo viwili au vitatu ili wapate karo. Isitoshe, tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itoe viwango vya 2014 vilivyotaka mhadhiri awe na PhD, karatasi hiyo imekuwa unga wa watoto, si heshima tu.

Basi mtu hupeleka sura ya tatu ya tasnifu yake kwa msimamizi. Mwezi wapita, wa pili, wa nne, kimya. Yeye huanza kuamini kwamba alichoandika ni upuzi. Huona haya kuuliza. Huacha kwenda chuoni asije akakutana na mtu korido. Usingizi hupotea, kichwa humuuma kila jioni, na wengine hujiliwaza kwa chupa. Nyumbani hasemi neno, maana ataanzaje kumweleza mama aliyeuza ng'ombe kwa ajili yake?

Sasa mkutanishe na wenzake watatu. Atashangaa kusikia kwamba wao pia hawajajibiwa, kwamba mmoja alirudishiwa makala yake na jarida mara tatu kabla ya kukubaliwa, na kwamba mwingine aliwahi kukaa nusu mwaka bila kuandika hata aya moja. Aibu yake itapungua papo hapo, kwa kuwa amegundua kwamba tatizo si akili zake. Mshauri nasaha, hata awe hodari namna gani, hawezi kumpa dawa hiyo.

Mpango wa CARTA, ulioanzishwa 2008 na unaoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, huwapokea wanafunzi kwa makundi. Kila kundi hukutana kwa semina za pamoja kadiri masomo yanavyoendelea. Lakini huhitaji wafadhili kufanya hivyo. Sisi Wakenya ni mabingwa wa vyama. Mama mboga asipofika chamani Jumapili mbili, wenzake humfuata hadi mlangoni. Msomi hupotea mwaka mzima na hakuna anayemtafuta!

Ikiwa wewe ndiwe mwanafunzi huyo, tafuta watu wanne au watano, hata wa idara nyingine; huko hakuna ushindani. Kutaneni kila baada ya majuma mawili. Kila mtu aseme alichoandika, kilichomshinda, na atakachoandika kabla ya kikao kijacho. Wasimamizi wasiwepo, na ya humo yasitoke nje. Jihadharini tu kikao kisigeuke matanga, watu wakaenda kulia na kurudi na mizigo ile ile.

Wala kikundi si hospitali. Mwenzenu akikaa majuma mawili akiwa na huzuni ya kila siku, hali wala halali, au akitamka kwamba afadhali afe, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Msimwache aende peke yake.

Nanyi mlio nyumbani, hizo saa mbili za Jumamosi msizihesabu kuwa za kupiga domo. Mtu huyo yuko kazini. Wakuu wa vyuo nao wana vyumba vinavyofungwa kila wikendi. Wafungue kimoja.