Kosa Liko Kwenye Mkasi, Si Kwenye Maua

Mwandishi wa mitindo aliyetuagiza wanawake wanene tuachane na vitenge vya maua makubwa, tujifiche ndani ya nyeusi, ameyasingizia maua kosa la mkasi.

Kitenge ni pamba isiyovutika. Kikikatwa kwa vipimo vya kubahatisha kitabana makwapani na kupanda nyuma, kiwe cha maua au cha rangi moja. Mimi nina nyonga pana na mabega membamba. Fundi wangu wa Kariakoo hunipima nimesimama, kisha huniketisha kwenye stuli anipime tena, maana nikikaa nyonga zinaongezeka. Halafu anatandaza kitenge na kutafuta ua lilipo. Safari iliyopita alikisogeza karibu shubiri nzima ili maua mawili yasitue juu ya matiti. Moja likaangukia begani, na macho ya watu yakapanda huko huko. Ndiyo maana nanunua yadi 6 hata nikiambiwa 4 zinatosha.

Na shughuli je? Msibani tunakaa mkekani. Sketi ya kubana, hata iwe nyeusi tii, itakuaibisha. Dera na kanga juu vinatosha. Kwenye sendofu nataka kiuno changu kionekane, na nina haki hiyo.

Mwandishi yule angeandika kuhusu kamati za sare za sherehe zinazotulazimisha mshono mmoja wanawake wote, ningemuunga mkono. Chagueni kitambaa, jamani. Mshono niachieni mimi na fundi wangu.