Ushuhuda wa Askari Nao ni Fasihi

Tunapozungumzia vita katika fasihi ya Kiswahili, aghalabu mawazo yetu hukimbilia kwenye tenzi. Tangu Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, vita vimesawiriwa kupitia kwa mashujaa, panga na ushindi. Sina ugomvi na tenzi hizo. Linalonitatiza ni kwamba kambi, mahali ambapo askari huishi siku nyingi kuliko anazopigana, imepewa nafasi finyu katika uhakiki wetu. Vivyo hivyo mkewe na wanawe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vinatupa mfano mwafaka. Katika vita hivyo, maradhi yaliua askari wengi kuliko silaha, na barua ndiyo iliyokuwa kamba ya kuwaunganisha wa kambini na wa nyumbani. Barua mojawapo iliyopata sifa ni ya Meja Sullivan Ballou, aliyomwandikia mkewe Sarah tarehe 14 Julai 1861, juma moja kabla ya kujeruhiwa katika mapigano ya Bull Run, hakupona. Ballou alikuwa wakili, na kalamu ilimtii. Barua yake husomwa hadi leo kama kazi ya sanaa, na inastahili.

Je, askari asiyejua kuandika naye tumweke wapi?

Katika jimbo la Kentucky kulikuwa na kambi iliyoitwa Camp Nelson, ambako maelfu ya Waamerika weusi walijiunga na jeshi la serikali ya Muungano. Kentucky haikujitenga na Muungano, hivyo tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaweka huru watumwa halikuigusa. Mtumwa aliyevaa sare alipata uhuru wake; mkewe na watoto walibaki kuwa mali ya bwana. Kwa sababu hiyo wengi waliwafuata waume na baba zao kambini. Mwezi Novemba 1864, katika baridi kali, mkuu wa kambi aliamuru wafukuzwe. Walioondolewa walikuwa kama 400, na inakadiriwa kwamba 102 kati yao walikufa.

Mmoja wa askari hao, Joseph Miller, alitoa ushuhuda wa kiapo siku chache baadaye. Anasimulia jinsi mlinzi alivyoilazimisha familia yake kupanda gari, ilhali mtoto wake wa kiume alikuwa mgonjwa. Alipowafuata usiku, alimkuta mtoto amekwisha kufa. Alirudi kambini usiku huohuo, na kesho yake akaenda tena kwa miguu, akachimba kaburi na kumzika mwanawe. Karani aliandika, Miller akatia alama tu. Adui anayemliza baba huyu si jeshi la upande wa pili, bali ni amri ya jeshi lake mwenyewe. Ni kinaya kilichoje!

Huenda msomaji akasema kwamba hiyo ni hati ya kisheria iliyopitia mkono wa karani, wala si fasihi. Hoja hii haina mashiko. Ngano ambazo Edward Steere alikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 nazo zilipitia kalamu ya mwingine, na hakuna anayezifukuza katika darasa la fasihi simulizi. Ushuhuda wa Miller una msimulizi, mtiririko wa matukio, taharuki, na hisia zilizobanwa katika maneno machache. Fauka ya hayo, ulitenda kazi. Habari za mateso hayo zilizua kilio kikubwa, amri ikabatilishwa, na tarehe 3 Machi 1865 ikapitishwa sheria iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari weusi. Miller hakuiona siku hiyo. Alikuwa amekwisha kufa mwezi Januari.

Maoni yangu ni kwamba ushuhuda ustahili kutambuliwa kama utanzu wa fasihi simulizi, na ukusanywe kwa bidii ileile tunayoitumia kukusanya ngano za Sungura na Fisi. Hatuhitaji kwenda mbali. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, imewapokea watu waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi jirani, na vijana wengi wao wamejifunza Kiswahili katika shule za humu nchini. Miongoni mwao wamo waliofiwa na baba vitani na wasiojua kaburi lake lilipo. Mtafiti awaendee kwa heshima, kwa idhini yao, na bila kuanika majina yao.

Wahenga walinena kuwa vita havina macho. Ikiwa havioni, basi sisi tulio na macho na kalamu hatuna udhuru. Wanafunzi wenzangu, tutakapokwenda nyanjani kukusanya fasihi, tusimuulize mzee hadithi za wanyama pekee. Tumuulize pia alilala wapi wakati wa vita, na nani alikuwa akimngoja nyumbani.